Siku Niliyoilima Picha ya Oliva

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni sawasawa na mmalize kucheka sasa hivi, kwa sababu najua wengi wenu mmekwisha kuiona ile video kwenye simu zenu, ile ya bibi kizee wa kijiji cha Maguu aliyefunga kanga kiunoni, anaeleza mambo kwa sauti kubwa huku amekanyaga matope, na mmemcheka mpaka mkashika mbavu, na bibi huyo ni mimi. Sikatai. Kanga ni yangu, jembe ni langu na aibu ni yangu. Lakini video inaonyesha kipande tu, tena kile ambacho mimi nilikuwa bado najiona mtu wa maana, na yaliyotangulia na yaliyofuata hamkuyaona. Basi nimechukua daftari nikaandika kwa mkono wangu (nilisoma mpaka darasa la nne, herufi zangu ni kubwa kubwa lakini zinasomeka), mjue yote, halafu mtanicheka kwa haki.

Oliva ni binti wa kwanza wa mwanangu Gaspari. Alikwenda chuo cha sanaa huko pwani miaka mitatu, na sisi tukangoja arudi anachora watu, maana mchoraji tuliyemjua ni yule aliyechora njia ya msalaba kanisani kwetu, ambaye kila mtu kamwekea pua yake na macho yake. Oliva akarudi anachora rangi tupu. Nasema rangi tupu: huku nyeusi, huku nyekundu imetiririka, katikati kama mtu amemwaga chai akakimbia. Nikamwuliza, "Oliva, hiki ni nini?" Akanijibu, "Si kitu, Bibi. Iangalie tu." Nikaiangalia. Nikaiangalia tena kesho yake asubuhi, nikiwa nimekunywa uji na nina nguvu. Hakuna kitu. Nikamwomba basi anichoree Bikira Maria mmoja tu wa kuweka juu ya kitanda, akaniambia kwa heshima zote kwamba yeye hachori watu. Sikusahau hilo.

Halafu rangi za kopo zikamshinda bei, ndipo akaanza kujaribu vitu, na hapo ndipo nyumba yangu ilipoingia taabuni. Alikuwa anazoa unga wa makaa ya mawe barabarani, malori ya mgodi wa Ngaka yakishapita, anafagia kwa ufagio mdogo na kutia kwenye kopo la maziwa, na wapita njia wananiuliza kama mjukuu wangu mzima. Maganda ya kahawa aliyachachusha kwenye pipa nyuma ya jiko mpaka nzi wa kijiji kizima wakahamia kwetu. Akapika gundi ya muhogo kwenye sufuria yangu (ile ya ugali, siyo ya mboga, mniombee). Akaagiza magamba ya samaki mbasa kutoka Mbamba Bay, akayabandika kwenye ubao, moja baada ya jingine, na lazima niseme kweli yaling'aa, lakini siku ya tatu paka wakaingia wakala picha yote wakamwachia ubao. Yeye halii. Anachukua daftari lake anaandika: hiki kimeshika, hiki kimebanduka, hiki kimeliwa.

Mara mbili alipeleka picha Dar es Salaam, kwa mama mmoja mwenye ukumbi wa maonyesho, mara mbili zikarudi. Krismasi iliyopita, chakula kikiwa mezani, Gaspari akamwambia mbele yetu wote, "Mwanangu, mwaka huu ndio wa mwisho. Yule mama wa Dar aliyeahidi kuja kuona, akija akaondoka bila kuchukua kitu, basi, unakwenda Songea kusimama dukani kwa shangazi yako. Umenielewa?" Oliva akasema, "Ndiyo, baba." Na mimi, mimi ninayeandika, nikaongezea kwamba baba yake amemvumilia kupita kiasi. Hayo niliyasema. Yawekeni akilini.

Mwezi wa tatu tukashuka Chiwanda, mimi na mkwe wangu Batilda, mama yake Oliva, kwa sababu binti yangu aliyeolewa kule ziwani alikuwa amejifungua. Tukakaa wiki mbili tunakula dagaa wa usipa na kubeba mtoto. Tulirudi Jumamosi asubuhi, tukiwa tumelala njiani Mbinga kwa ndugu, na tulipofika nyumbani tukakuta mlango umefungwa. Gaspari hayupo, Oliva hayupo. (Walikuwa wameondoka alfajiri kwenda Mbinga kumpokea yule mama wa Dar, kumbe tumepishana nao barabarani, na sisi hatujui kitu.)

Nikaweka mizigo, nikatoka nyuma ya nyumba kutazama shamba la mtoni. Hilo ndilo shamba langu bora. Nilipewa na mama mkwe wangu, na maharage yake hayajawahi kuniaibisha. Nikaona nyasi zimepangwa miraba miraba kwenye mteremko, vizuri kabisa.

Sasa kama wewe unayesoma ni mtu wa mbali, elewa hivi. Sisi Wamatengo tunalima ngolo. Mwanaume anafyeka nyasi, anazipanga kwa mistari, huku na huku, mpaka mteremko wote unakuwa miraba. Hapo kazi ya mwanaume imekwisha. Mwanamke anaingia na jembe, anachimba udongo wa katikati ya mraba na kufukia zile nyasi, kwa hiyo katikati panabaki shimo na pembeni panakuwa tuta, na kwenye tuta anapanda maharage. Mvua ikija inatuama mashimoni, udongo hauendi. Nyasi zikipangwa zisipofukiwa, watu hawasemi mume ni mvivu, wanasema nyumba ile haina wanawake.

Na kweli, sijasimama hata dakika mbili, akapita Mama Kandida, jirani yangu wa ng'ambo, na wenzake watano wa kikundi chetu cha kulimiana, majembe begani, wanaelekea kwa mtu mwingine. Mama Kandida ana mdomo, tena anautumia.

"Mama Gaspari, umerudi! Pole na safari. Tulifikiri mmehamia ziwani moja kwa moja mmekuwa wavuvi."

"Nimerudi. Mnaendaje?"

"Tupo. Hizi nyasi zenu zimelala wiki mbili tunazisalimia tu tukipita. Na kenyewe kadogo hako, miraba kumi na kitu! Nikasema labda mwaka huu mnalima maharage ya kuonja."

Wenzake wakacheka. Nami damu ikapanda. Mwaka gani mimi nimewahi kuchekwa kwa sababu ya nyasi? Nikamwita Batilda, nikamwambia lete majembe na lete mbegu. Batilda akasita (ni mkwe mwema, mpole, mimi ndiye ninayemfanya awe mpole zaidi), akasema, "Mama, tusimsubiri baba Oliva? Au tumpigie simu Oliva? Pale juu naona kuna kibao kimeandikwa."

Hapo, wajukuu zangu. Hapo ndipo palipokuwa na njia panda. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa sweta, ina chaji na ina salio. Kibao kilikuwa hatua ishirini, na miwani ilikuwa kwenye mkoba. Nikamjibu, "Mimi nipige simu kuomba ruhusa ya kulima shamba langu?" Na kuhusu kibao nikasema ni vile vya bwana shamba, maana kila wanapojaribu mbegu wanasimika kibao, kwetu vimejaa kama viazi. Nikaenda nikaking'oa. Sikukisoma. Nikakitumia kukwangulia tope kwenye jembe.

Mama Kandida na wenzake, kwa kuwa walishanichokoza na waliona nimeudhika, wakasema basi tukusaidie, hako kadogo ni saa moja tu. Tukaingia wanawake wanane. Tukaanza chini kwenda juu kama inavyotakiwa, mtu na mraba wake, wimbo ukaanza, na mimi nikaona dunia imerudi mahali pake.

Jembe la tatu au la nne, Mama Kandida akasimama.

"Jamani, huku chini kuna gunia."

"Na huku," akasema mwingine. "Linavuta jembe."

Nikainama nikafukua kwa kidole. Kweli, chini ya udongo, kama unene wa viganja viwili hivi, kulikuwa na gunia la katani, lile la kahawa, jeusi, limelowa. Batilda akasema taratibu, "Mama, haya magunia yameshonwa. Angalia, yameunganishwa na uzi." Nikamwambia ni Gaspari huyo, amesikia redioni sijui mbolea ya kuozesha nini. Nikamtuma panga. Ndiyo, nilituma panga. Na kwa mkono wangu huu nikawa nayakata yale magunia penye kila shimo, nayavuta vipande, natupa pembeni, huku nawafundisha wenzangu: "Mkulima gani anaacha magunia shambani? Kateni, toeni, chimbeni!" Hakuna aliyebisha. Kijijini kwetu mimi huwa sibishiwi, na siku ile ndipo nilipoona ubaya wake.

Tulikuwa tumebakiza miraba minne tukaona gari jeupe limesimama juu barabarani, akashuka mama mmoja mrefu, amevaa gauni pana la kijani na mtandio, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi. Akateremka mwenyewe, dereva akabaki na gari. Akafika akasalimu vizuri sana, kwa adabu ya watu wa pwani.

"Shikamoo, Bibi. Shikamooni, akina mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Mimi naitwa Zuhura. Oliva na baba yake nimewaacha pale senta wananunua soda, na Oliva akaniambia nitangulie, niteremke mpaka nione nyasi zimepangwa miraba." Akatazama shamba, akatutazama sisi, akaweka mkono kifuani. "Lakini hakuniambia kama mpo na ninyi! Subhanallah. Hakuniambia hata kidogo!"

Akatoa simu akaanza kupiga picha. Sikushangaa. Watu wanakuja kupiga picha ngolo zetu, wanafunzi, wataalamu, Wazungu, wanapiga picha shimo kana kwamba halikuchimbwa na mtu. Nikafikiri Oliva amekuwa na akili, amemleta mgeni aone kitu cha maana badala ya zile rangi zake. Basi nikasimama katikati ya mraba, kanga kiunoni, nikaanza kueleza, na hiyo ndiyo video yenu. Nilieleza kwa sauti ya kanisani. Nilisema hii tumeachiwa na bibi zetu, nikasema mwanaume anapanga lakini mwenye kuijua ni mwanamke, nikamwonyesha namna ya kushika jembe. Mama Kandida akaona sifa zinakwenda upande mmoja, naye akajisogeza akaanza kuimba mbele ya simu huku anakata kiuno, mama mwenye wajukuu kumi na moja. Bi Zuhura anasema tu, "Yaani ni hai! Ni hai kabisa!" Nikamwuliza kama anataka kujaribu. Akavua viatu. Nikampa jembe langu. Akachimba mraba mzima, yule mama wa Dar es Salaam, huku anacheka na matope yanamrukia mpaka kwenye miwani, na gunia lilipomzuia nikamkatia kwa panga mimi mwenyewe ili mgeni asichoke.

Ndipo Oliva akatokea kwenye kona ya migomba na baba yake. Amebeba kreti la soda kichwani.

Sikilizeni, nimeona mambo. Nimezika mume, nimeona nyumba ikiungua, nimeona mto ukibeba ng'ombe. Lakini uso ule sijapata kuuona. Hakupiga kelele. Alilitua kreti chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyelala, akasimama, mikono yake ikawa haijui pa kukaa. Gaspari nyuma yake akavua kofia.

Oliva akasema, "Bibi. Chini kulikuwa na magunia. Magunia thelathini na sita."

Na mimi, kwa furaha kabisa, mbele ya mgeni, nikamjibu, "Usijali, mama, tumeshayakata yote."

Wimbo ukakatika. Mama Kandida akateremsha jembe. Nadhani wote waliona kabla yangu, maana mimi bado nilikuwa natabasamu.

Oliva akaja mpaka shambani, akapiga magoti kwenye tope na gauni lake la wageni, akaanza kufukua kwa mikono, anavuta kipande hiki, anavuta kile, anaviunganisha, haviungani. Bi Zuhura akauliza kwa sauti ndogo kuna nini. Na pale ndipo yule binti akasema yote, bila kuniangalia. Kwamba magunia yale aliyafumua na kuyashona miezi miwili, usiku chumbani kwake sisi tukiwa tumelala, yakawa kitambaa kimoja kikubwa kama ukuta. Akakipaka unga wa makaa na maji ya maganda ya kahawa na gundi ya muhogo, kwa vipimo alivyovitafuta mwaka mzima katika kile kidaftari, hiki kimeshika, hiki kimebanduka. Siku ile ile tuliyoshuka Chiwanda akakitandaza shambani kwangu, akakichekechea udongo mwekundu, halafu akapanga nyasi miraba juu yake kama babu yake alivyokuwa akipanga, ili mvua ipige, nyasi zioze, zichome rangi zake ndani ya gunia. Hakukifunua hata pembeni, akasimika na kibao kwamba pasiguswe. Alitaka kukifunua leo, mbele ya Bi Zuhura, waone wote kwa mara ya kwanza.

"Hata mimi mwenyewe sijui kilikuwa kimetokea nini huku chini," akasema. "Na sasa hakuna atakayejua."

Nikakaa. Nilikaa ndani ya shimo nililolichimba mwenyewe, lina maji yaliyojichuja matopeni, yakapenya kanga na sketi na kila kitu, na sikunyanyuka. Batilda hakusema "nilikuambia." Alilia tu, na afadhali angesema.

Bi Zuhura alikuwa bado ameshika jembe. Alilitazama kama limemgeukia nyoka, akaliweka chini, akajifuta mikono, akafikiri. Halafu akasema jambo ambalo lilinishtua upya.

"Oliva, nisikilize. Mimi nimeona kitu hapa. Akina mama, majembe, nyimbo, kile kitambaa kinakatwa, Bibi anaeleza. Nimekirekodi. Hicho hicho nakichukua. Tunaweka video ukutani, tunatundika vipande, tunasema ndivyo ulivyopanga tangu mwanzo. Nafasi ni yako."

Gaspari akashusha pumzi mpaka nikaisikia. Akamnong'oneza binti yake, na mnong'ono wa Gaspari mnaujua, unafika kanisani, "Kubali. Kubali, mwanangu, Mungu amekuonea huruma."

Na mimi, nitasema kweli, moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikaona nimeponea. Nilianza hata kunyanyuka kutoka shimoni.

Oliva akatikisa kichwa. "Hapana, Mama Zuhura. Asante. Hicho ulichokiona ni kilimo cha bibi zangu. Wanajua wanachofanya, na walikuwa wanapanda maharage. Mimi sikukipanga. Nikikiita changu nitakuwa nimemwibia bibi yangu shambani kwake."

"Nani atajua?"

"Hawa wanawake wanane watajua. Na mimi."

Nikarudi nikakaa. Nilikuwa nimemharibia mtoto picha yake, nikapokea sifa juu ya maiti yake, nikamshikisha mgeni jembe, na yeye ndiye aliyekuwa anailinda heshima yangu. Ningependa kusema nililia. Sikulia, nilikuwa natazama maharage mkononi mwangu kama sijawahi kuyaona.

Bi Zuhura hakukasirika. Alivuta kutoka udongoni ukanda mmoja wa pembeni, ule wa juu ambao hatukuufikia, mrefu kama mkono na nusu, akaukung'uta udongo, akausuuza kwenye maji ya shimo (la kwangu, ilibidi nisogee), akauinua kwenye jua. Nami nikaangalia, kwa mara ya kwanza nikaangalia kama Oliva alivyoniambia siku zote, bila kutafuta pua wala macho. Nyeusi ya makaa ilikuwa imekaa chini, nzito. Juu yake nyasi zimeacha mistari ya kahawia, mingine ya dhahabu, kila jani na mahali pake, na pale palipotuama maji pameungua kidogo pembeni. Hakuna mtu. Hakuna mti. Lakini nilijua ni nini. Ni mteremko huu, saa ile ukungu unaondoka na umesimama ng'ambo na jembe begani unafikiri utaanzia wapi. Nimeutazama miaka sitini, sikujua kwamba mtu mwingine anauona.

Mama Kandida, mwenye mdomo, akasema kwa sauti ya chini, "Mama yangu. Na sisi tumeukatakata."

Bi Zuhura akamrudishia Oliva ule ukanda, akamwambia hawezi kuujaza ukuta wa maonyesho yake kwa kipande. Lakini ukuta ule ataushikilia mpaka mwisho wa mwezi wa sita, hataongeza siku, baada ya hapo kuna mtu mwingine anaungoja. Akatuaga mmoja mmoja, akaniinamia mimi shimoni akasema, "Shikamoo tena, Bibi," nikaitikia, akapanda juu kwenye gari lake akiwa ameshika viatu mkononi. (Ile video aliituma kwa Mama Kandida aliyemwomba namba, na Mama Kandida akaituma kwa dunia nzima. Tumeshaongea mimi na yeye kuhusu hilo.)

Gari lilipoondoka, Gaspari akavaa kofia yake. Akasema, "Haya. Tulikubaliana. Jumatatu unapanda basi la Songea." Na Oliva akasema, "Ndiyo, baba," vilevile kama Krismasi, akaendelea kukusanya vipande.

Ninyi mnaosoma, mimi si mtu wa kutoa mafundisho marefu. Nasema hili tu: ukiwa mkubwa mpaka watu wanaogopa kukubishia, soma vibao vyote, hata vya bwana shamba, na mkwe wako akisema "tusubiri," subiri. Mimi nimeapa mbele ya yule binti kwamba sitaweka tena jembe mahali ambapo sijauliza, hata likiwa shamba langu, hata nikichekwa na kijiji kizima kwa mwaka mzima.

Lakini kuapa peke yake ni maneno. Nikatoka shimoni, natiririka maji, nikasimama mbele ya watu wa nyumba yangu, na wale wanawake wa kikundi wakiwa bado hapo, wasikie. Nikasema hivi:

"Gaspari, vua hiyo kofia. Hakuna basi la Songea. Mvua imebaki mwezi na kidogo. Kesho ukitoka kanisani unachukua panga, unafyeka nyasi za kumtosha binti yako, na unazipanga kama atakavyokuambia yeye, siyo kama unavyojua wewe. Batilda, magunia yote ya kahawa yaliyoko ghalani yafumue, na mimi nitashona. Shamba hili ni la Oliva mpaka atakaposema amemaliza, na mwanamke yeyote wa nyumba hii nisimwone anavuka ile migomba na jembe, nikiwemo mimi. Maharage ya mwaka huu tutanunua sokoni."